Maji Niliyomnywesha Kaka Yangu

Nakumbuka siku ambayo maji yalinitisha kwa mara ya kwanza, mwanangu, na hayakuwa maji ya bahari wala ya mafuriko. Yalikuwa maji ya kunywa, safi, ndani ya jagi la plastiki. Mkono ulioshika jagi hilo ulikuwa wangu. Kinywa kilichokuwa kikiyanywa kilikuwa cha kaka yangu Karisa. Mpaka leo, na mvi zangu hizi zote, nikifika hapo katika kusimulia, huutazama kwanza mkono huu.

Keti nikueleze tangu mwanzo, maana jambo hili lina mizizi, na mizizi yake ni ujuaji wangu.

Mimi naitwa Sidi. Nilizaliwa Kaloleni, lakini mama yetu alipofariki, mimi na Karisa tulishuka Mwakirunge, huku Kisauni, kutafuta riziki. Zamani hizo Mwakirunge ilikuwa mashamba na matimbo ya mawe, basi. Karisa alikuwa na miaka ishirini na minne, mimi ishirini na miwili. Alipata kazi timboni, kule kunakochimbwa mawe ya kujengea nyumba, na wakati huo mawe yalikatwa kwa mikono: mtu, sururu yake, na jua. Ukishuka timboni saa nne za asubuhi unajiona kama umetiwa ndani ya chungu. Mawe meupe yanakurudishia jua usoni, upepo haufiki, vumbi linakupaka mpaka kope. Wanaume walitoka jasho hadi mashati yakashikamana na migongo, na yakikauka yanabaki na mistari myeupe. Nilidhani mistari ile ni vumbi la mawe. Kumbe ilikuwa chumvi ya miili yao, inatoka siku nzima mbele ya macho yangu, nami siioni.

Kazi yangu ilikuwa kuwapelekea wachimbaji maji. Visima vya karibu vilikuwa na maji ya ukakasi, yale yasiyotoa povu la sabuni, kwa hiyo nilikuwa nikiamka alfajiri kupanga foleni kwenye bomba la barabarani, najaza mitungi yangu mitatu, naisukuma kwa mkokoteni hadi timboni. Nilikuwa na fahari na maji yangu. Mtu akinywa, nilimtazama koo likipanda na kushuka, nikahisi nimetenda jema. Na kweli lilikuwa jema. Usinisikie vibaya, mwanangu: maji ni uhai, na waliokufa kwa kukosa maji ni wengi kuliko hawa nitakaokueleza.

Pale juu ya timbo, kando ya njia ya malori, alikuwapo mama mmoja mzee tukimwita Hawe Dama. Hawe, kwa lugha ya kwetu, ni nyanya. Alikuwa mwembamba, mrefu, anavaa leso mbili zilizopauka, na hakuwa msemaji. Alichoma mihogo kwenye jiko la makaa, akaipasua, akaipaka chumvi, pilipili na ndimu. Pia alipika uji mwepesi ndani ya sufuria kubwa, akautia ndimu, sukari kidogo na chumvi kidogo. Wachimbaji walipopanda kupumzika walipitia kwake kwanza, wakala, kisha wakaja kwangu kunywa maji. Hivyo ndivyo siku zilivyokwenda, kwa muda mrefu, na hakuna mtu aliyewahi kuanguka.

Sasa ndipo nilipoingia mimi na akili zangu.

Jumapili moja alikuja nesi kanisani kwetu kutupima presha. Alitueleza kwamba chumvi nyingi hupandisha presha, na presha huua kimyakimya, na wazee wetu wengi wanapooza upande mmoja wa mwili kwa sababu hiyo. Nesi yule hakukosea hata neno. Aliyekosea ni mimi, niliyebeba nusu ya maneno yake nikaenda nayo timboni kama mtu aliyeteremshiwa ufunuo. Wahenga walisema akili nyingi huondoa maarifa, na mimi siku hizo nilikuwa na akili nyingi sana.

Kesho yake nilisimama juu ya timbo, nikapaza sauti mbele ya wanaume wote.

"Jamani, hii chumvi mnayokula kwa Hawe ni sumu! Mtapooza! Kunyweni maji matupu, ndiyo dawa."

Hawe Dama aliinua macho kutoka jikoni. "Sidi, njoo hapa, mwanangu."

"Abee, Hawe."

"Hawa watu wanatoka jasho tangu jua lichomoze. Ushalionja jasho?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamjibu jibu ambalo nikilikumbuka naona haya mpaka leo: "Hawe, mimi sionji jasho la watu. Na hayo mambo ya kizamani yamepitwa."

 Alipangusa kisu chake kwa pembe ya leso, akaendelea kupasua muhogo. Lakini maneno yangu yaliwaingia watu. Kijana mmoja aliacha kununua, akafuatwa na wa pili, na baada ya wiki mbili yule mama alikuwa amehamisha jiko lake hadi kule juu barabarani wanakosubiri madereva wa malori. Wachimbaji wengi walikula vyao vya nyumbani kwa kificho, wengine walimfuata kulekule. Aliyenitii kikamilifu alikuwa mtu mmoja tu. Karisa.

Ndugu yangu alinipenda, na alikuwa akiniona msomi kwa sababu nilifika darasa la nane na yeye aliachia la tano ili mimi niendelee. Niliposema chumvi ni mbaya, aliniambia nisitie chumvi hata kwenye mchicha. Kila asubuhi alikunywa chai ya rangi tu, hakula kitu, akaenda zake. Nami nilimsifu.

Basi ikafika siku yenyewe. Ilikuwa kaskazi, joto lile la mwezi wa pili ambalo hata kuku huacha kuparura wakalala chini ya mikokoteni wamefungua midomo. Palikuwa na malori matatu yanasubiri mawe ya kujengea shule, na nyapara aliwahimiza watu tangu kucha. Karisa alichukua pembe ya timbo peke yake, akakata mawe kama mtu anayekimbizwa.

Nami nilikuwa nimeamua kwamba siku hiyo ndugu yangu hatapatwa na kiu hata dakika moja. Kila alipoinua kichwa, jagi langu lilikuwa hapo. "Kunywa, Karisa." Anakunywa. Nashuka tena. "Kunywa." Anakunywa. Wengine walinitania, wakasema nimeajiriwa na mtu mmoja. Kufikia saa sita nilikuwa nimemnywesha zaidi ya nusu ya mtungi mzima wa lita ishirini, na nilijivunia hesabu hiyo.

Karibu na saa saba alitua sururu, akajishika kipaji cha uso.

"Sidi, kichwa kinanigonga."

"Ni jua. Kunywa."

Akanywa. Kisha akaniinulia mikono yake. "Tazama vidole vyangu. Vimekuwaje?"

Nilitazama. Vilikuwa vimevimba, vimejaa kama vya mtoto mchanga, na ile bangili ya shaba aliyoachiwa na mama ilikuwa imezama katika nyama ya kifundo cha mkono. Mwanangu, mwili ulikuwa ukinipigia kelele, lakini mimi nilikwisha kuamua jibu kabla ya swali. Nilimwambia ni kwa sababu ya kushika sururu.

Akatapika. Yalitoka maji meupe, mengi, hayana rangi wala harufu, kama yametoka bombani. Nilishtuka kidogo, lakini nikasema moyoni: sasa amepoteza maji, lazima yarudishwe. Nikajaza jagi tena.

Nilipomkaribia alinitazama, na macho yake yalikuwa macho ya mtu aliye mbali. Akatabasamu.

"Mama," akaniambia, "umekuja lini?"

Mama yetu alikuwa kaburini mwaka wa tatu.

Nilimshika mabega. "Karisa, ni mimi. Ni Sidi."

"Mama, funga mlango. Mbuzi wanaingia."

Hakukuwa na mlango. Hakukuwa na mbuzi. Mara magoti yake yalilegea, akaanguka chali juu ya vifusi, na mwili wake ukaanza kutikisika wote, meno yakisagana, macho yamegeuka yakawa meupe tu. Nilipiga yowe ambalo sikujua kama ni langu.

Watu walikuja mbio. Mmoja akasema ni pepo, timbo lile lina wenyewe, aitwe mganga. Mwingine akasema ni kifafa, avulishwe viatu. Nyapara akasema ni joto, mnywesheni maji, mnywesheni maji upesi! Hilo lilikuwa neno ninalolijua. Nilipiga magoti, nikamwinua kichwa, nikasogeza jagi kwenye midomo yake iliyokuwa ikitoka povu.

Halikufika. Kiganja kilitoka juu yangu kikalipiga jagi, likaruka, likapasuka kwenye jiwe. Nilipoinua uso niliona Hawe Dama, anatweta, leso imeanguka mabegani. Alikuwa amesikia yowe akiwa barabarani, akateremka ngazi za timbo kwa miguu ile ya uzee. Sijawahi kumwona mtu mzima ana ghadhabu kama ile.

"Unamuua! Huoni? Unamuua kwa mkono wako!"

"Hawe, ana kiu, ame—"

"Kiu gani? Tazama vidole! Huyu amejaa maji, chumvi imemwishia!" Kisha akawageukia wanaume. "Mlazeni ubavu. Ubavu, si chali! Mtu asimtie kitu kinywani, wala maji, wala kijiko, wala hiyo dawa ya mganga. Dereva yuko wapi?"

Lori moja lilikuwa limejazwa nusu. Walimwaga yale mawe palepale, wakatandika magunia, tukampakia. Hawe Dama alipanda nasi nyuma, akamshika kichwa kilale upande. Mimi nilishika miguu yake, na njia nzima, kutoka Mwakirunge hadi kuvuka daraja kwenda hospitali kubwa ya kisiwani, nilikuwa nikirudia neno moja moyoni: unamuua kwa mkono wako, unamuua kwa mkono wako. Mtikisiko ulimrudia mara nyingine tukiwa njiani. Hata vile vishindo vya lori havikuweza kuuficha.

Hospitalini tulipokelewa na daktari mwanamke, kijana, mtu wa bara kwa lafudhi yake. Alimpima haraka, akaamuru damu itolewe, akanigeukia.

"Amekula nini leo?"

"Chai ya rangi."

"Na nini?"

"Chai tu."

"Amekunywa maji?"

Hapo nilijibu upesi, kama mwanafunzi anayelijua swali. "Sana, daktari. Hajakosa maji hata kidogo. Zaidi ya nusu ya mtungi, na alikuwa akifanya kazi juani."

Daktari aliacha kuandika. Akanitazama, si kwa hasira, ila kama mtu anayetafuta mahali laini pa kuweka kitu kizito.

"Dada," alisema, "ndugu yako amezama."

Nikadhani hakunielewa. "Hakwenda baharini, daktari. Alikuwa timboni."

"Najua. Amezama nchi kavu."

Akanieleza, mwanangu, na maneno yake nimeyahifadhi kama sala. Alisema mwili si mtungi wa maji matupu. Ndani ya damu kuna chumvi za aina mbalimbali, ile ya jikoni na nyinginezo zilizomo katika ndizi, muhogo, maharagwe na mboga, na hizo ndizo zinazofanya misuli ikaze na kulegea, moyo upige kwa mpango, na ubongo upeleke habari. Mtu akitoka jasho anapoteza maji pamoja na chumvi hizo. Ukimrudishia maji peke yake, tena kwa wingi kupita figo zinavyoweza kuyatoa, chumvi iliyobaki inakuwa nyepesi kama mchuzi ulioongezwa maji kwa ajili ya mgeni asiyealikwa. Basi maji hutafuta pa kwenda, yanaingia ndani ya nyama za mwili, zinavimba. Vidole vikivimba si neno. "Lakini ubongo," alisema, akajigonga kichwa kwa kidole, "uko ndani ya mfupa. Ukivimba hauna pa kwenda."

Niligeuka nikavitazama tena vidole vya Karisa.

Akaja nesi na chupa ndogo ya maji ya mshipani, akaitundika, daktari akasimama palepale akihesabu matone kwa saa yake. Nikauliza ile ni dawa gani.

"Chumvi," alisema daktari.

"Chumvi gani?"

"Chumvi, dada. Chumvi hii hii, ndani ya maji, ila nyingi kuliko kawaida. Na tunaipima tone kwa tone, kwa sababu tukiiharakisha nayo itamdhuru."

Mwanangu, nimeona mambo. Nimezika wazazi, nimezaa watoto watano, nimeona bahari ikirudisha waliopotea. Lakini sijui kama kuna kitu kilichowahi kunigutusha kama neno lile moja. Kitu nilichokiita sumu mbele ya watu ndicho kilichokuwa kikiingia kwenye mshipa wa ndugu yangu kumrudisha duniani. Na kitu nilichokiita dawa ndicho kilichomlaza. Niliteleza ukutani nikaketi sakafuni, na Hawe Dama akaketi kando yangu, palepale chini.

Alasiri ilipita, na jioni, na Karisa hakujua yu wapi. Mtikisiko haukurudi tena. Nilimuomba Mungu kwa maneno yote niliyokuwa nayo, na yalipokwisha nikayaanza tena. Asubuhi, jua likiwa limeingia dirishani, alifungua macho, akatazama dari, akatazama bomba lililochomekwa mkononi, kisha akanitazama mimi.

"Sidi," alisema, kwa sauti ya kukwaruza, "nina kiu."

Niliangua kilio mpaka nesi akaja kunitoa nje. Yeye mwenyewe ndiye aliyempa maji, kikombe kidogo, mafunda machache, na mimi nikawa nachungulia mlangoni kama mtoto aliyevunja kitu.

Karisa alikaa hospitali siku nne. Alipona. Kwa muda wa miezi kadhaa alikuwa akisahau majina ya watu, na mara nyingine alinyamaza katikati ya maneno akiyatafuta, nami kila aliponyamaza nilihisi kisu. Hatimaye hilo nalo liliondoka. Hakunilaumu hata siku moja, na pengine angenilaumu ningepumua.

Aliyenilaumu alikuwa Hawe Dama, na namshukuru kwa hilo. Nilikwenda kwake nyumbani, chumba kimoja cha udongo na makuti, nikapiga magoti mlangoni.

"Shikamoo, Hawe."

"Marahaba. Inuka. Magoti hayarudishi kitu."

Nikaketi. Nikamwomba radhi. Akanitilia uji, akangoja ninywe, ndipo akasema.

"Kosa lako si kupenda maji. Wala si kumsikiliza nesi. Kosa lako ni kwamba nilikuuliza swali ukanijibu kwa kicheko. Ungekosea na masikio yako yako wazi, ningekuzuia mapema. Ulikosea ukiwa umeyaziba."

Nikamuuliza alijuaje mambo yale, yeye asiyejua kusoma. Akaniambia mumewe alifanya kazi ya kutia makaa kwenye garimoshi, huko Changamwe, enzi za injini za moto. Tanuru lile lilikuwa likiwachoma mpaka mashati yakasimama yenyewe kwa chumvi. Wazee wa kazi walikuwa wakitia chumvi kidogo katika maji ya kunywa na kula chakula kabla ya zamu. Kijana mmoja mgeni aliyewapuuza, akanywa maji matupu tu, alivimba vidole, akatapika maji meupe, akatikisika, akafa kabla ya kufika kituoni. Mumewe alimsimulia kila alama, mara nyingi, kwa sababu ilimkaa rohoni.

"Basi nilistahili kukemewa, Hawe. Wewe ulikuwa na ukweli wote."

Alitikisa kichwa. Na hapa, mwanangu, alinishtua mara ya pili.

"Sikuwa nao wote. Mume wangu alipostaafu alikaa barazani, kazi hana, jasho hatoki. Lakini ulimi ulishazoea. Akatia chumvi kwenye uji, kwenye wali, kwenye embe, kama bado yuko mbele ya tanuru. Nami nikampa, kwa kuwa nilijua chumvi ilimlinda. Presha ikampasua mshipa wa kichwani, akalala upande mmoja miaka miwili, akaenda. Yule nesi wako ningemjua mapema, labda mume wangu angekuwapo." Akanitazama. "Wewe ulisema kweli, ukawapa watu isiyowahusu. Na mimi nilifanya vivyo hivyo."

  Wiki iliyofuata nilimsukumia jiko lake kwa mkokoteni wangu, nikalirudisha juu ya timbo mahali pake pa zamani, na mbele ya wanaume walewale waliocheka nikasema kwamba nilikosea. Nikakaa kando yake na mitungi yangu hadi alipochoka na kazi.

Sasa nisikilize, mwanangu, maana sikukusimulia haya ili unihurumie.

Juzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu vijana wakishindana kunywa maji, lita kwa lita, watu wakiwashangilia. Nilimpokonya simu. Hakuelewa kwa nini. Basi na nyinyi mjue: maji hayashindaniwi. Kunywa kidogo kidogo, mara kwa mara, tangu asubuhi, usingoje ulimi ukauke. Na kiu ikiisha, acha, usijilazimishe. Mkojo wako utakwambia. Ukiwa wa rangi nzito kama chai, umechelewa kunywa. Ukiwa mweupe kama maji ya bombani saa zote nawe bado unajaza tumbo, punguza.

Ikiwa kazi yako ni ya jasho, kama hawa wanaotoa mizigo ndani ya makontena ya chuma kule Changamwe, au wanaopakua magunia Mikindani, au mnaocheza mpira Likoni jua likiwa utosini, usitoke nyumbani na tumbo tupu. Kula chakula chenye chumvi ya kawaida, na katikati ya kazi tia kitu mdomoni: muhogo wenye chumvi na ndimu, uji, ndizi, mchuzi wa maharagwe. Dafu ni zuri, lina chumvi zake, lakini ile inayotoka na jasho ni kidogo ndani yake, kwa hiyo dafu lisikutoshe peke yake. Na haya makopo ya kuchangamsha mwili mnayoyapenda, yenye sukari tele, yanakudanganya uchovu tu, hayakurudishii ulichopoteza.

Mtoto akiharisha au kutapika, msimnyime maji eti ataharisha zaidi. Wamekufa wengi kwa kauli hiyo. Chukueni zahanati pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari, changanyeni kwa kipimo kilichoandikwa, maji safi, wala msiongeze chumvi kwa kukisia, mumnyweshe kwa kijiko pole pole huku mkimpeleka kwa daktari. Na wewe mwenye presha, au figo, au moyo, au unayeshinda kitini ofisini, chumvi ya mchimba mawe si yako. Muulize daktari wako kipimo chako. Mtu asikuvike kiatu cha mwenziwe.

Na ukimwona mtu katika joto anaumwa kichwa, anatapika, vidole vimevimba, maneno yake hayashikani, usikimbilie jagi. Mweke kivulini, mlaze ubavu, usimtie kitu kinywani ikiwa hana fahamu, mfikishe hospitali, na umwambie daktari kila alichokula na kunywa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, walisema. Lakini mimi sikuvunjika guu, karibu nivunje shingo ya ndugu yangu. Ujuaji wa nusu huumiza wale wanaokuamini zaidi, kwa sababu hao ndio wanaokutii.

Karisa yuko hai. Ana wajukuu, ana shamba la minazi kule Kaloleni, na bado ananiita msomi, kwa utani sasa.

Nenda basi kazini kwako, mwanangu. Mwenyezi Mungu akupe koo lisilokauka na akili isiyojaa hata ikakosa nafasi ya neno jingine. Akuwekee watu wa kukukemea ungali unaweza kusikia, na akupe moyo wa kuwashukuru. Jasho lako liwe la halali, na kila unachokipoteza juani, ukirudishiwe kwa kipimo chake. Amina.